Ute unaoshika na kuachia: namna ya kutengeneza na kupima mtandao wa muda wa polima kwenye maabara ya shule

Watoto wa mjini wanauita slaimu na wanaununua kwenye vikopo. Shuleni ukiuonyesha, darasa zima linacheka, kila mmoja anataka kuushika, kipindi kinaisha, na somo limepotea. Mwongozo huu ni kwa mwalimu mwenzangu wa kemia au fizikia hapa Mbeya, Iringa, Njombe na jirani zake, na kwa mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita ambaye hataki kuishia kwenye kucheka. Vifaa si vya bei mbaya. Kinachotakiwa zaidi ni saa, yaani muda wenyewe: karibu kila kitu ute huu unachofanya ni jibu la swali moja, umeupa muda gani?

Jambo lenyewe kwanza

Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa na vipande vidogo vinavyojirudia mamia au maelfu ya mara. Ukiiyeyusha kwenye maji, minyororo yake inajipinda na kupishana, na maji yanakuwa mazito. Hapo bado hakuna ajabu.

Zipo polima ambazo mnyororo wake una sehemu zinazopenda kunasana na sehemu za mnyororo mwingine. Tuziite vishikizo. Vishikizo viwili vikikutana vinashikana, na minyororo miwili inakuwa imeunganishwa. Vikishikana vya kutosha, kunatokea mtandao unaoanzia ukingo mmoja wa kikombe hadi wa pili. Ila viungo hivyo ni dhaifu. Mtikisiko wa molekuli kwa joto la kawaida la chumba unatosha kuvifungua. Ni kama watu wanavyopeana mikono nje ya kanisa baada ya ibada: mkono ukiachia huu unadaka ule, na wakati wowote utakaotazama utakuta wengi wameshikana, ingawa si walewale wa dakika iliyopita.

Wazo hili liliwekwa kwenye hesabu na wanasayansi wawili, Green na Tobolsky, mwaka 1946. Walifikiria mtandao ambao minyororo yake inakatika na kuungana upya bila kukoma. Ukiuvuta na kuushikilia hapo, nguvu ya mvuto inapungua yenyewe, kwa sababu kila kiungo kinachofunguka kinaachia sehemu ya mvuto, na kile kinachofungwa upya kinafungwa mahali pasipo na mvuto. Mpira wa tairi hauko hivyo. Viungo vyake vya salfa havifunguki kwa joto la chumba, kwa hiyo ukiuvuta na kuuachia unarudi ulivyokuwa.

Tutatumia polivinili alkoholi, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi PVA, pamoja na boraksi. Mnyororo wa PVA umejaa vikundi vya OH. Boraksi ikiyeyuka kwenye maji inatoa asidi ya boriki na ioni ya borati, na ioni moja ya borati inaweza kushika OH mbili za mnyororo mmoja na OH mbili za mnyororo mwingine. Hicho ndicho kiungo chetu. Kwenye joto la chumba kinadumu sehemu ya sekunde, pengine sekunde chache, kisha kinaachia.

Kukusanya vitu

PVA inapatikana kwa namna tatu. Iliyo bora ni ya unga kutoka duka la vifaa vya maabara. Inayofuata ni gundi ya maji ya stationari iliyo angavu, ingawa si zote zina PVA: weka tone moja la maji ya boraksi kwenye kijiko cha gundi, ikikaza ndani ya sekunde chache, chukua. Ya mwisho ni gundi nyeupe ya mbao, ile ya mafundi seremala, ambayo kwenye masoko ya Mwanjelwa au Sido hapa Mbeya huikosi kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Hiyo kwa sehemu kubwa ni chembe za polivinili asetati zinazoelea kwenye maji, na PVA imo kidogo ili kuzizuia zisigandamane. Inafanya kazi, lakini ni nyeupe kama maziwa na huwezi kuona kinachoendelea ndani. Kwa kuonyesha tu inatosha. Kwa kupima, tafuta angavu.

Boraksi inanunuliwa kwenye duka la kemikali za maabara. Najua Chunya si mbali, na kwamba wachimbaji wadogo wanaitumia kuyeyushia dhahabu, kwa hiyo kuna mtu atakwambia atakuletea kopo. Ikiwa imefungwa kutoka dukani, sawa. Ya kwenye kopo lililofunguliwa pale wanapochomea, usiichukue hata kwa bure, maana zebaki iko palepale nayo hujui imeingia wapi.

Mengine: mabomba ya sindano ya mililita 5 na 10 bila sindano zake (duka lolote la dawa), vikombe vya plastiki, kipimajoto, gololi za watoto, rula, ndimu, magadi ya kupikia maharage, na simu yenye kamera. Boraksi hailiwi. Vikombe na vijiko vikishatumika hapa havirudi jikoni, watoto wadogo wasipewe ute kuchezea, na kila mtu anawe mikono kabla ya kwenda kula.

Hatua ya 1: maji ya PVA

Ukitumia unga, pima gramu 4 kwa kila mililita 100 za maji. Nyunyiza unga kwenye maji baridi huku ukikoroga. Ukianza na maji ya moto unapata mabonge yasiyoyeyuka hata ukikoroga mpaka jioni. Kisha weka chombo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka na uendelee kukoroga. PVA ya kawaida inataka nyuzi 85 hadi 90 ili iyeyuke yote. Hapa ndipo milima yetu inapoingia: Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Ndani ya chombo utapata pungufu ya hapo. Inatosha, ila funika na uwe mvumilivu. Aliye Njombe au Makete avumilie zaidi kidogo. Ukiona maji yamekuwa angavu na hakuna punje inayoonekana dhidi ya mwanga, epua, acha yapoe.

Ukitumia gundi, changanya na maji sawa kwa sawa. Basi.

Hatua ya 2: maji ya boraksi

Vitabu vingi vinasema gramu 4 kwa mililita 100, na kijiko cha chai cha usawa ni karibu hizo gramu 4. Vitabu hivyo havikuandikwa Juni wala Julai huku kwetu. Kwenye nyuzi 20, mililita 100 za maji zinayeyusha karibu gramu 5 za boraksi. Kwenye nyuzi 10 ni gramu 3 hivi. Ukitayarisha mchana na kuacha chupa kwenye stoo ya maabara isiyo na dari, asubuhi utakuta fuwele zimejipanga chini ya chupa, safi kabisa, zimetulia. Ukichota maji ya juu bila kuangalia, una myeyuko dhaifu kuliko ulioandika kwenye lebo, na vipimo vya leo havitalingana na vya jana. Kwa msimu wa baridi tumia gramu 3, au pasha chupa kwenye beseni la maji ya vuguvugu na utikise hadi fuwele ziishe.

Hatua ya 3: tafuta mahali mtandao unapoanzia

Panga vikombe sita. Kila kimoja tia mililita 10 za maji ya PVA. Halafu ongeza maji ya boraksi hivi: kikombe cha kwanza hakuna, cha pili nusu mililita, cha tatu 1, cha nne 2, cha tano 3, cha sita 4. Sasa jambo ambalo wengi wanalisahau: ongeza maji matupu ili vikombe vyote vifikie mililita 14. Cha kwanza kinapata maji 4, cha pili 3.5, na kuendelea, cha sita hakipati kitu. Usipofanya hivyo, vikombe vinatofautiana kwa boraksi na kwa wingi wa PVA kwa wakati mmoja, na huwezi kusema ni kipi kimeleta mabadiliko.

Koroga kila kimoja kwa kijiti, kisha inua kijiti taratibu. Kwenye kikombe cha kwanza tone linaanguka. Mbele kidogo linaanza kuvuta uzi. Mbele zaidi, ghafla, kijiti kinainua kila kitu kilichomo. Wanafunzi wengi wanategemea mabadiliko ya polepole, boraksi mara mbili basi uzito mara mbili. Haiwi hivyo. Vishikizo vikiwa vichache vinatengeneza mafungu ya minyororo michache michache, na mafungu hayo yanaelea tu. Kuna kiwango ambacho mafungu yanagusana na kuwa kitu kimoja kikombe kizima. Waache waandike wenyewe hicho kiwango kiko kati ya kikombe kipi na kipi. Kinategemea aina ya gundi au PVA mliyopata, kwa hiyo usiwape jibu la kitabuni.

Hatua ya 4: vishikizo vipo, mtandao haupo

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chukua mililita 1 ya maji ya PVA (ya unga au ya gundi angavu, ile nyeupe inaweza kufanya vidonge vidonge na kukuharibia), iweke kwenye mililita 20 za maji, koroga, kisha tia mililita 2 za boraksi. Kwa wingi wa PVA iliyopo, boraksi hii ni tele kuliko ya kikombe cha sita. Koroga. Ni maji tu.

Waulize kwa nini. Jibu la haraka litakuwa “PVA ni kidogo”, na si kosa, lakini halijaeleza. Minyororo imekaa mbalimbali kiasi kwamba kila mmoja uko peke yake. Borati bado inashika, ila inashika OH za mnyororo uleule, sehemu hii na sehemu ile ya mwili mmoja. Matokeo yake ni kitanzi. Kitanzi hakimuunganishi mtu na mwenzake, na mnyororo uliojifunga unakunjamana ukawa mdogo zaidi, kwa hiyo haunenepeshi maji. Ili kishikizo kiwe daraja badala ya kitanzi, minyororo lazima iwe imeanza kupishana kabla hata ya boraksi kuingia.

Suala la kitanzi na daraja linatawala aina zote za polima za namna hii. Rangi za maji za ukutani zina vinenepeshaji ambavyo mnyororo wake unapenda maji katikati na kuyakimbia mwishoni. Ncha hizo mbili zinatafuta wenzake na kujikusanya kwenye vifungu vidogo. Zikiwa chache, ncha zote mbili za mnyororo mmoja zinaingia kwenye fungu moja: kitanzi. Zikiongezeka, ncha moja inaingia fungu hili na nyingine fungu la jirani: daraja, na rangi inakuwa nzito. Fundi akiburuta brashi kwa nguvu, ncha zinachomolewa, rangi inalainika na kutandazika. Akiinua brashi zinarudi kushikana, na rangi haichuruziki ukutani.

Hatua ya 5: upe muda tofauti

Chukua ute wa kikombe cha tano au cha sita, ukande mpaka usinate mikononi, ufanye donge. Mambo manne, kwa mpangilio huu.

Vuta taratibu kwa mikono miwili. Unarefuka, unaning'inia, haukatiki.

Vuta kwa ghafla. Unakatika, na mahali ulipokatika pamenyooka kama ulikuwa kitu kigumu.

Angusha donge sakafuni kutoka usawa wa kiuno. Linadunda.

Weka donge juu ya kigae, washa kamera, na weka rula pembeni. Pima upana wake baada ya sekunde 10, 30, dakika 1, dakika 5. Litatandaa mpaka liwe kama maji yaliyomwagika.

Donge ni lilelile. Linapodunda, linagusana na sakafu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, sehemu chache tu za elfu, na muda huo viungo vingi havijapata nafasi ya kufunguka hata mara moja. Kwa sakafu, donge ni yabisi. Kwenye kigae, kila kiungo kimefunguka na kufungwa mara nyingi kabla ya dakika kuisha, na kila mara uzito wa donge umeshinda kidogo. Kwa kigae, donge ni kimiminika. Wanasayansi wana namba ya jambo hili: gawanya muda ambao kitu kinahitaji kulegea kwa muda unaokitazama. Ikizidi 1 sana, unaona yabisi. Ikiwa chini sana ya 1, unaona kimiminika. Marcus Reiner aliipa jina la Debora mwaka 1964, nabii wa kitabu cha Waamuzi, kwa sababu ya wimbo wake kuhusu milima mbele za Bwana. Hata milima inatiririka, ila mwenye kutazama lazima awe na muda mrefu kuliko wetu. Kwa darasa linalouona mlima Loleza dirishani, mfano huo hauhitaji kuelezwa mara mbili.

Tahadhari moja. Mwanafunzi mmoja hakosi kusema hii ni sawa na wanga wa mahindi uliolowekwa maji, ule unaokuwa mgumu ukiupiga ngumi. Si sawa. Kule ni punje za wanga zinazosukumwa zikagusana na kusuguana, hakuna kinachoshika kingine. Ukiuvuta wanga ule kwa mikono miwili hauvutiki uzi. Huu unavutika.

Hatua ya 6: joto

Tengeneza ute mwepesi zaidi, kiasi cha kikombe cha tatu, ambao bado unamiminika. Jaza silinda ya kupimia ya mililita 100, weka alama mbili zilizotengana sentimita 10, funika ili maji yasipotee. Iweke kwenye beseni la maji ya bomba ya asubuhi, ngoja dakika 20 ili joto lifike katikati, angusha gololi na pima muda wa kupita kati ya alama hizo. Rudia kwenye nyuzi 25, kisha 40. Tumia gololi ileile na silinda ileile. Ukuta wa silinda unaipunguza mwendo gololi, kwa hiyo usitafute mnato kamili hapa, linganisha tu muda kwa muda.

Utaona muda unapungua sana, zaidi ya ule wa silinda ya maji ya PVA yasiyo na boraksi ambayo nayo unapaswa kuipima. Joto linafanya viungo vifunguke haraka zaidi. Kidato cha sita wachore logi asilia ya muda dhidi ya moja gawanya kwa joto la kelvini. Nukta zikikaribia mstari mnyoofu, mteremko wake ukizidishwa kwa kisobadilika cha gesi, R, unawapa nishati ambayo mtiririko unadai. Watoe ya silinda yenye boraksi na isiyo na boraksi, waone ni ipi kubwa.

Hatua ya 7: ua mtandao, uufufue

Kamulia ndimu kwenye kikombe cha sita, tone baada ya tone, huku ukikoroga. Ute unalegea na kuwa maji. Asidi inageuza borati kuwa asidi ya boriki, ambayo haishiki kama borati inavyoshika. Sasa yeyusha magadi kwenye maji, chuja uchafu, na ongeza kidogo kidogo. Kutakuwa na mapovu mengi, maana magadi ni kabonati na bikabonati ya sodiamu na hapa yanakutana na asidi. Mapovu yakiisha, endelea kuongeza. Ute unarudi, ukiwa na viputo ndani na mwepesi kuliko mwanzo, kwa kuwa umeongeza maji. Minyororo haikukatika popote. Ni vishikizo tu vilivyozimwa na kuwashwa.

Jaribu pia hili, linachukua usiku mzima. Pasua pampasi mpya ya mtoto, toa chembe nyeupe zilizomo kwenye pamba, zitie kwenye maji mengi. Kwenye chombo cha pili tia kipande cha ute na maji mengi vilevile. Asubuhi chembe za pampasi zimevimba sana lakini kila moja bado ipo peke yake, unaweza kuishika. Viungo vyake ni vya kudumu. Ute umeanza kuyeyuka kingo zake, na siku zinavyokwenda unaishia kwenye maji.

Ukikosa boraksi

Sabuni ya maji itakuokoa. Vijana wengi wanaotengeneza sabuni mtaani wanajua kwamba chumvi huifanya iwe nzito, na kwamba ukizidisha inarudi kuwa nyepesi na hakuna wa kuinunua. Molekuli za sabuni zinajikusanya. Chumvi inazifanya zijipange kwenye nyuzi ndefu laini ambazo zinapishana kama polima, isipokuwa nyuzi zenyewe zinakatika na kuungana muda wote. Ukiongeza chumvi zaidi ya kiwango fulani nyuzi zinaanza kutoa matawi na kuteleza kwa urahisi zaidi, na uzito unashuka. Chukua sabuni ya kuoshea vyombo, iongeze maji kidogo ilegee, gawa vikombe, ongeza maji ya chumvi kwa hatua, pima kwa gololi, chora mchoro. Unatakiwa kupata kilima. Sabuni iliyonenepeshwa kwa CMC (unga wa kunenepesha unaotokana na selulosi) haitakupa kilima hicho. Muulize muuzaji ametumia nini.

Kusafisha

Usimwage ute kwenye sinki, utaziba bomba na utalilipia wewe. Ukusanye wote kwenye ndoo, tia siki au ndimu mpaka uwe maji, ongeza maji mengi, ndipo umwage. Ute ukinata kwenye sweta la mwanafunzi, usisugue: paka siki, subiri dakika kadhaa, suuza kwa maji ya vuguvugu. Gundi nyeupe iliyokaukia kwenye sweta ni habari nyingine, hiyo siki haiiwezi, kwa hiyo iwahini ikiwa bado mbichi.